Neno moja, alama moja

Nilikuwa nakaanga vitunguu binti wa kaka yangu alipoingia jikoni na karatasi yake ya fotokopi.

"Shangazi, naomba unisikilize kabla sijasahau. Wewe soma maelezo, mimi nitoe neno."

Yuko kidato cha pili, na anakaa kwangu hapa Arusha tangu Januari. Zoezi lilikuwa lile lile ambalo kila aliyesoma Kiingereza katika shule zetu analijua: maelezo marefu upande wa kushoto, mstari mtupu upande wa kulia, na agizo la kuandika neno moja tu. Maswali 15, alama 15. Nikapunguza moto, nikashika karatasi kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono wa pili. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Hapa nayaandika kwa lugha yetu.

Mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili.

"Orphan."

Mwandiko usiosomeka.

"Illegible."

Majuma mawili.

"Fortnight."

Dawa ya kuua wadudu.

"Insecticide."

Kitendo cha mtu kujiua.

"Suicide."

Namba 11: kuua watu wa asili moja kwa nia ya kuwamaliza.

"Genocide. Twende kumi na mbili."

Sikwenda kumi na mbili.

"Hilo la kumi na moja unalijua?"

"Nimelipata, Shangazi. Si umesikia?"

"Umelipata. Nauliza kama unalijua."

Akanitazama kidogo. "Kuua watu wa asili moja kwa nia ya kuwamaliza," akasema, vile vile kama nilivyomsomea.

"Umelisikia wapi?"

"Kwenye karatasi."

Hakuwa na ujeuri hata chembe. Niliuliza, akajibu, na jibu lilikuwa la kweli. Mimi ndiye niliyebaki nimeduwaa na mwiko mkononi mpaka vitunguu vikaanza kunukia kuungua.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Tangu siku hiyo namba 11 haijanitoka kichwani.

Kaunta buku

Sitaki kulibeza zoezi lenyewe. Limenilisha.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na msingi wa Kiingereza changu niliujenga kwa orodha kama ile. Nilikuwa na kaunta buku nene lenye jalada jeusi. Mwalimu alituandikia ubaoni maneno kumi kila Jumatatu, na Ijumaa alitusikiliza mmoja mmoja tukiwa tumesimama. Kabla ya hapo sentensi zangu zilikuwa ndefu na nzito, za mtu anayezunguka nyumba nzima akitafuta mlango. Nilikuwa naandika "mwanamke ambaye mume wake alikufa akamwacha", kisha siku moja nikapewa "widow", na sentensi nzima ikapata pumzi.

Baadaye niligundua kwamba maneno yana koo. Kipande cha mwisho cha "insecticide" na "suicide" ni kimoja, kinatoka kwenye kitenzi cha Kilatini "caedere", kukata au kuua. Ukikishika hicho, ukoo mzima unakufungukia: anayemuua baba yake, anayemuua mama yake, anayemuua ndugu yake, kila mmoja ana neno lake. "Fortnight" nayo ni usiku kumi na nne uliogandana, kwa sababu Waingereza wa kale walihesabu siku kwa usiku. Ukijua hivyo hukariri tena. Unakutana na jamaa za watu unaowafahamu.

Kwa hiyo mimi ni wa upande wa neno moja.

Lakini hata kabla ya namba 11 nilishakuwa na shaka yangu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mapokezi, kwenye hoteli ndogo ya watalii. Mgeni mmoja Mwingereza aliniambia kuhusu safari yake ya mbugani, "We'd like to put it off till Monday." Mimi "postpone" nilikuwa nalo, tena kwa wino mwekundu kwenye kaunta buku. Hilo la kwake sikulijua. Kwetu "put off" ni kuzima taa. Nikasimama pale nisijue nizime nini.

Ndipo nilipoanza kuwasikiliza wageni kwa makini. Wenye lugha, wakiwa kwao jikoni, moto hawau-"extinguish", wanau-"put out". Jambo hawali-"investigate", wanali-"look into". Yale maneno mamoja tuliyokaririshwa ni nguo za kutokea, za barua na mahakama na ripoti. Nyumbani wanatumia vijineno viwili vitatu vidogo ambavyo mwalimu wetu alituamuru tuvikate. Tena yupo Mwingereza, Charles Kay Ogden, aliyekwenda njia hiyo ya nyuma makusudi kabisa: mwaka 1930 alitoa Kiingereza chepesi cha maneno 850, na kila kilichobaki kisemwe kwa kuunganisha hayo. Yeye alilitoa neno moja akarudisha maelezo, ili mgeni wa lugha aelewe.

Basi nilikuwa najua kwamba njia ina pande mbili. Nilichokuwa sijajua ni kwamba kuna mahali ambapo upande utakaouchagua ni suala la watu kufa au kupona.

Jumatano

Tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa Jumatano, kwa hiyo nilikuwa darasani. Nilikuwa kidato cha tatu. Asubuhi nilipita na haisi karibu na AICC kama kila siku, lile jengo lililojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na yawezekana kabisa kwamba begini nilikuwa na kaunta buku langu.

Siku hiyo, ndani ya jengo hilo, majaji watatu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo, popote duniani, mahakama ya kimataifa ikamhukumu mtu kwa jinai inayoitwa kwa neno lile la namba 11. Mmoja wa majaji alikuwa mama, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na hukumu ile ilisema pia jambo ambalo halikuwa limewahi kusemwa na mahakama kama hiyo: kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya jinai yenyewe.

Kesi ilikuwa imeanza Januari 1997. Karibu miezi 20 ya mashahidi, mawakili na wakalimani, ili kusema kama neno moja linamstahili mtu mmoja.

Mtoto wangu alilitoa kwa nusu sekunde, akataka kumi na mbili.

Namwonea? Nimejiuliza hivyo mara nyingi. Amezaliwa miaka mingi baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Mahakama ile ilifunga kazi zake Desemba 2015, na shughuli zilizobaki zikahamia nje ya mji, Lakilaki. Kwake AICC ni jengo la mikutano tu. Hakuna aliyemwambia. Tena mimi mwenyewe niliyekuwa napita pale kila siku, na magari meupe ya Umoja wa Mataifa yakitupita, nilijua zaidi habari za kodi za nyumba kupanda Njiro kuliko kilichokuwa kinasemwa mle ndani. Nilikuwa na neno na nilikuwa na jengo. Sikuwahi kuviunganisha.

Hapo ndipo paliponiuma.

Jinai iliyokosa jina

Nilirudi kwenye neno lenyewe, kama ninavyofanya kazini nikikwama. Ninapokwama huwa nauliza: nani alilihitaji kwanza?

Hili lina mwenyewe, na ni nadra sana neno kuwa na mwenyewe. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, alikimbia nchi yake Wajerumani walipoivamia, akafika Marekani. Agosti 1941 Winston Churchill, akizungumza redioni juu ya mauaji ya Wanazi, alisema ulimwengu umekabiliwa na jinai isiyo na jina. Lemkin alikuwa ameshahangaika na tatizo hilo hilo kwa miaka mingi. Alikuwa na maelezo, kurasa kwa kurasa, ya sheria na amri zinazolenga kulifuta kundi zima la watu. Hakuwa na neno.

Mwaka 1944 akalitoa. Alichukua "genos" ya Kigiriki cha kale, yaani kabila au ukoo, akaiunga na kile kipande cha Kilatini ninachokijua tangu kidato cha tatu. Lugha mbili zilizokufa zikazaa neno la kitu kilichokuwa kinatendeka wiki hiyo hiyo. Ndugu zake 49 waliuawa katika mauaji yale.

Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba unaobeba neno hilo. Ulipoanza kutumika mwaka 1951 likawa na meno: nchi zilizoridhia zimeahidi kuizuia jinai hiyo na kuiadhibu.

Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Lile ndilo zoezi letu hasa. Upande wa kushoto maelezo, upande wa kulia mstari mtupu, na mtu mmoja anaujaza akiwa amefiwa na ukoo.

Waliogeuza karatasi

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 12. Nakumbuka baba akiongeza sauti ya redio wakati wa taarifa ya habari ya usiku, na mama akituambia tunyamaze. Nakumbuka majina: Rusumo, Ngara, Benaco. Watu walikuwa wanavuka daraja kuingia kwetu kwa maelfu yasiyohesabika, na chini ya daraja mto Kagera ulikuwa unaleta miili. Jina la mji wetu nalo lilikuwa linatajwa, kwa sababu makubaliano ya amani ya Rwanda yalikuwa yametiwa saini hapa hapa Arusha, Agosti 1993.

Jambo ambalo sikulisikia redioni, na ambalo nimelielewa ukubwani, ni hili. Watu wakiendelea kufa, wasemaji wa serikali ya Marekani walikuwa wanalikwepa neno moja. Juni 1994, mauaji yakiwa yameingia mwezi wa tatu, msemaji wa Wizara yao ya Mambo ya Nje aliulizwa na waandishi, na alichokubali kusema ni kwamba "vitendo vya" jinai hiyo vimetokea. Mwandishi mmoja akamuuliza ni vitendo vingapi vinavyotosha kuifanya jinai yenyewe. Hakupata namba.

Wao walikuwa wanalifanya zoezi kinyumenyume. Neno moja walikuwa nalo, limeshatafutwa, limeshalipiwa, limeandikwa kwenye mkataba tangu 1948. Wakaliweka kando wakachukua maelezo, kwa sababu neno lingewauliza: mmefanya nini kulizuia? Maelezo hayaulizi. Maelezo yana nafasi ya mtu kupita katikati.

Watu zaidi ya laki nane waliuawa ndani ya siku mia moja, na wengi wanataja milioni.

Nimetafsiri mikataba ya ardhi, talaka, barua za kufukuzwa kazi. Nikisoma upya kazi zangu za zamani kwa jicho hili, naona jinsi mtu anayetaka kukwepa anavyopenda maneno mengi. "Hakukuwa na utimizaji wa masharti ya malipo kwa wakati." Yaani hakulipa. Nimeanza kuwaambia wateja wangu waziwazi pale ambapo neno moja lipo nao wamelizunguka, na si wote wanaofurahi.

Neno linaloua

Nilidhani nimefika. Neno moja ni jema, maelezo ni maficho, basi. Kisha nikaisoma hukumu ya Akayesu mwenyewe, usiku kadhaa mfululizo, na humo nikakuta kitu kilichonirudisha nyuma.

Mahakama ilimwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aifafanulie maneno ya Kinyarwanda. Majaji walitoa sehemu nzima ya hukumu kwa ajili ya maneno machache tu: Inkotanyi, ibyitso, Interahamwe, Inyenzi. Walihitaji kujua kila neno lilimaanisha nini, linasemwa na nani, mwaka gani, kwa watu gani.

Inyenzi ni mende.

Lilianza kama jina la wapiganaji wakimbizi wa Kitutsi waliokuwa wakivamia kutoka nje miaka ya 1960. Kufikia 1994 lilikuwa linatumika kwa Mtutsi yeyote, mtoto wa shule, bibi kizee, muuguzi, na redio ya wachochezi ilikuwa inalitangaza mchana kutwa. Hilo nalo ni neno moja badala ya maelezo marefu. Mwalimu wa sayansi, mwenye watoto watatu, anayependa kuimba kwaya, anayedaiwa dukani, aliyezaliwa upande ule wa kilima: yote hayo yakafutwa, likaandikwa neno moja.

Baada ya kusoma hapo nilikwenda kuitafuta ile karatasi ya fotokopi kwenye kabati la jikoni. Nilitaka kuona kama nakumbuka sawasawa.

Nilikumbuka sawasawa. Dawa ya kuua wadudu, namba 9. Kuua watu wa asili moja, namba 11. Kipande kile kile cha mwisho, alama moja kila moja, kwenye safu moja. Aliyeitunga karatasi hakukosea. Anafundisha viambishi, na hata mimi ningeyaweka pamoja. Lakini kuna watu waliwahi kusimama na panga barabarani wakiamini kwamba namba 9 na namba 11 ni kitu kimoja.

Tisini na nne

Miaka ya 2000 tulikuwa na jirani, mama wa Kinyarwanda, aliyepanga nyumba iliyofuata yetu. Aliongea Kiswahili kizuri chenye lafudhi ya mbali. Alikuwa akija kwetu jioni kuchukua maziwa, akikaa barazani na mama yangu.

Kinyarwanda kina neno, na ni moja: itsembabwoko, kutoka kwenye kuteketeza na kwenye ukoo au kabila. Lipo pia lile lililokopwa, jenoside. Mama yule sikuwahi kumsikia akitumia lolote kati ya hayo mawili.

Alisema "tisini na nne".

"Yule alikuwa kaka yangu mkubwa, kabla ya tisini na nne." "Nyumba ile ilikuwapo, tisini na nne ikaondoka." Mama yangu alikuwa akiitikia tu, "Pole mwanangu," na kumwongezea chai. Hakumuuliza kitu. Nilikuwa binti mkubwa wakati huo, nina kaunta buku zima la maneno ya Kiingereza, na nilielewa kwamba mbele ya mama huyu sina neno hata moja la kumfaa.

Nimemfikiria sana wiki hizi. Yeye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kulitamka neno alilitafutia badala, kwa namba. Siwezi kumweka fungu moja na wale wasemaji wa serikali. Wao walilikwepa neno ili wasibebe kitu. Yeye alikuwa ameshabeba.

Nipe mji

Jumapili iliyopita umeme ulikatika mapema, na mtoto hakuweza kujisomea. Nikamwita barazani.

"Kitendawili!"

"Tega!" Akacheka, hakutegemea.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Hilo la chekechea, Shangazi."

"Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni."

"Njia."

Tukaendelea, na katikati nikamwonyesha nilichokuwa nimekiona wiki hizo: kwamba hili ndilo zoezi lake, babu zetu wamelicheza kabla ya fotokopi. Maelezo, kisha neno moja. Tofauti ni kwamba kitendawili hakikupi neno ambalo hulijui. Yai umeshalishika, umeshalivunja, umeshalila. Furaha ni kulitambua kitu chako kikiwa kimevishwa nguo nyingine.

Akanigeuzia kibao. Siku ya nne kutoka leo? Mtondogoo, nikasema, na Kiingereza kikazungushe kitakavyo. Mume wa dada wa mke wangu, kama ningekuwa mwanamume? Mwanyumba. Chakula cha usiku wa manane Ramadhani? Daku. Siku saba za maharusi ndani? Fungate. Alishangaa kuona ni mengi. Alizoea kudhani neno moja ni mali ya Kiingereza, na maelezo marefu ndiyo fungu letu. Nikamwambia achukue "hawajatupigia" akaitafsiri, ahesabu maneno. Akahesabu kwa vidole. Alifika sita.

Kisha nikatega.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kuua watu wa asili moja kwa nia ya kuwamaliza."

Alilijua jibu, na alijua kwamba nilijua kuwa analijua. Lakini safari hii hakulitoa. Alinyamaza. Sijui ni giza au ni sauti yangu.

"Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

"Nakupa Arusha."

Wenye vitendawili wanajua kanuni. Ukishindwa unatoa mji, na mtegaji anasafiri hadi huko, anapokewa na wenyeji, halafu ndiyo anarudi na jibu. Kwa kawaida mji hauna uhusiano wowote na jibu. Unatoa Unguja, unatoa Mombasa, mradi mji.

Nikaenda Arusha. Nikamsimulia. Haisi ya asubuhi, jengo, majaji watatu, meya wa Taba, miezi 20. Nikamsimulia Lemkin na jamaa zake 49. Nikamsimulia jirani yetu na maziwa. Nilisita kwenye habari ya mende, kwa sababu ana miaka 15, kisha nikakumbuka kwamba kwenye karatasi alishapewa maneno matatu ya kuua bila mtu yeyote kusita. Nikamwambia na hilo.

Hakusema kitu mpaka umeme uliporudi.

Jumatatu jioni alikuja mezani kwangu na karatasi ile ile na penseli.

"Shangazi, kwa Kiswahili ni mauaji ya kimbari?"

"Ndiyo. Mbari ni ukoo, watu wa asili moja."

"Maneno matatu."

"Matatu."

"Lakini hii ya namba 9 sisi tunayo kwa moja. Kiuadudu. Baba anacho shambani." Baba yake, kaka yangu, analima nyanya Ngarenanyuki, na mtoto huyu amekua akiona bomba la kupulizia limetundikwa nyuma ya nyumba. "Na kiuagugu. Na kiuavijasumu tumesoma kwenye Baiolojia. Basi hata hili tungeweza."

"Jaribu."

Akaandika pembeni ya karatasi, polepole: kiuambari.

Nilivutiwa, nakiri. Kwa jicho la kazi yangu ni neno lililoundika vizuri: fupi, lina mzizi wa hapa hapa, na linafuata kanuni. Nilikuwa tayari kumsifu.

Yeye alikuwa analitazama kwa kuinamisha kichwa.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini?"

"Hii ki- ni ya dawa. Kiuadudu unakinunua dukani, unachanganya na maji, unapulizia, unavuna. Mtu akisoma kiuambari atafikiri ni dawa." Akasimama kidogo. "Na wao si ndivyo walivyokuwa wanafikiri?"

Akachukua ufutio, akafuta. Kisha akarudi kwenye namba 11, na chini ya jibu lake la Kiingereza lenye vema nyekundu ya mwalimu akaandika kwa penseli maneno yote matatu. Mstari ulikuwa umepimwa kwa neno moja tu. "Mauaji" na "ya" vikatosha, na "kimbari" likamalizikia pembezoni, nje ya safu ya alama.